Naye ni Mzazi

Wasikilizaji wetu wa hapa Tukuyu, wa Kawetele, wa Makandana, wa Bulyaga, wa Ibighi, na nyote mnaotusikia huko migombani na kwenye mashamba ya chai. Mvua imepungua asubuhi hii lakini baridi iko palepale, na najua wengi wenu mmekaa karibu na jiko. Sogezeni redio. Leo nataka tuzungumze habari za akina mama na masimulizi yao ya uzazi, na zaidi nataka tumzungumzie mama mmoja ambaye kwenye masimulizi hayo hatumpi nafasi.

Ukipita mahali popote siku ya kliniki ya watoto, pale kwenye benchi la kusubiri mizani, utasikia elimu kubwa inatolewa bila mwalimu. Mmoja anasema wake amekataa ziwa tangu jana. Wa pili anamjibu: ziwa limejaa mno, kamua kidogo lilainike ndipo umpe, atashika. Mwingine ana mshono wa upasuaji na bado anaamka kitandani kwa kujinyanyua moja kwa moja, anaumia kila asubuhi. Anaambiwa geukia ubavu kwanza, shusha miguu, halafu jisukume kwa mkono. Yupo na yule anayesimulia alivyotoka nyumbani usiku kwa bodaboda uchungu umeshika, utelezi barabarani, dereva akimwomba Mungu kwa sauti njia nzima, na benchi zima linamcheka na kumwonea huruma kwa pamoja. Mama wa mtoto wa kwanza akikaa pale asubuhi moja anaondoka na marafiki, namba za simu, na uhakika kwamba kinachomtokea yeye kimewatokea wengine nao wapo hai.

Mimi nalipenda sana benchi lile. Vikundi vyetu vingi vya akina mama vimeanzia kwenye mabenchi ya namna hiyo, kisha vikaingia kwenye vikoba, kwenye kwaya, kwenye idara za wanawake za Moravian na KKKT, kwenye WAWATA kwa Wakatoliki. Watu wanadhani kikoba ni fedha tu. Kaeni nao baada ya hisa kuhesabiwa na sanduku kufungwa, mtasikia wanachozungumza.

Lakini kukaa kwenye benchi lile kunataka mtoto mgongoni na kadi mkononi. Aliyejifungua akarudi nyumbani bila mtoto hana kadi ya kupeleka, hana wa kupimwa uzito. Jirani zake waliokuwa na mimba pamoja naye wanapita mbele ya nyumba yake kwenda kliniki, yeye anawaangalia kupitia dirishani. Huyo ndiye ninayemtaka leo.

Niwape hesabu kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hesabu hizi zinaonyesha kwamba si mtu mmoja wala wawili. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania, 81 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 43. Hiyo ni kazi kubwa ya chanjo, vyandarua, dawa, zahanati na akina mama wenyewe, tuishukuru. Sasa tazameni wale wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza: mwaka 2010 walikuwa 26 katika kila 1,000, mwaka 2022 walikuwa 24. Miaka 12, wamepungua wawili. Wakati huohuo, akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya wameongezeka, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi asilimia 81, na vifo vyao wakati wa uzazi vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Maana yake ni nini kwa Kawetele? Maana yake akina mama wengi zaidi wanarudi hai, Mungu asifiwe, na baadhi yao wanarudi mikono mitupu. Karibu mmoja katika kila 40 waliojifungua mtoto hai. Na hapo hatujawahesabu waliozaa mtoto asiyelia kabisa, wala wale ambao mimba iliharibika mwezi wa tatu, wa nne, na mwenye habari ni yeye na mumewe peke yao.

Sisi Wanyakyusa hatujui kumwacha mfiwa peke yake. Mtu mzima akifariki hapa, mji unasimama. Wanawake wanaingia ndani na mfiwa, wanakaa chini pamoja naye, wanaume wako nje na kuni na mazungumzo, ndizi zinamenywa, ng'ombe anatafutwa. Siku zinapita watu hawajatawanyika. Marehemu anasimuliwa kuanzia alivyozaliwa hadi pumzi ya mwisho, na kila anayeingia habari inaanza upya, mpaka mfiwa mwenyewe anaanza kuisimulia bila sauti kukatika. Kwa mtoto mchanga haiko hivyo. Wanawake wachache wanamaliza shughuli siku hiyohiyo, mara nyingi mama mwenyewe bado amelala hospitali na hata kaburi hakuliona. Akirudi anaambiwa: usilie sana. Bado una umri, utazaa mwingine. Mungu ndiye anayejua. Halafu mazungumzo yanahamia kwenye bei ya parachichi.

Nasema haya bila kumlaumu mtu. Wanaosema hivyo wanampenda, wanaogopa kumuumiza. Nami nayajua maneno hayo kwa sababu niliambiwa.

Nilijifungua njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Naona haifai niwaombe wengine waseme huku mimi nimenyamaza, kwa hiyo nasema. Alikuwa wa kike, aliishi siku chache. Nilirudi nyumbani na kitenge nilichokinunua cha kumbebea, kimekunjwa vilevile kwenye mfuko. Watu walikuja, wakasema pole, wakaondoka mapema kwa kuogopa kunichosha. Kisha maziwa yakajaa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa yatakuja hata kama mtoto hayupo, na sikujua nimuulize nani, maana kuuliza habari ya maziwa bila mtoto niliona aibu. Nikajifunga kanga kifuani kwa nguvu hadi kupumua kukawa shida.

Alikuja bibi mmoja jirani, ni mzee sana. Alinikuta jikoni. Hakuuliza kitu. Alinifungua ile kanga, akaomba maji ya baridi na kitambaa, akanionyesha namna ya kukamua kidogo tu, maumivu yapungue, bila kumaliza maziwa yasije yakazidi kuja. Mikono yake ikiwa inafanya kazi hiyo akaniambia: mwanangu, mimi nimezaa nane. Miaka yote nilimjua kama mama wa watoto sita. Akaanza kunisimulia wale wawili. Mmoja alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, mto umejaa, mkunga akashindwa kuvuka. Wa pili alilia mara moja akanyamaza. Alikumbuka nywele zake. Alisema habari hiyo hajawahi kuizungumza na mumewe hadi mume akaingia kaburini.

Sikupona siku ile, lakini kwa mara ya kwanza nilisikia njaa, nikala.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niombe nafasi ya kipindi hiki. Nilipoanza kusema, wenzangu nao wakaanza. Kwenye banda la kupimia majani ya chai, mwanamke niliyechuma naye kwa misimu kadhaa akaniambia kuhusu mapacha wake. Mwanakwaya mwenzangu akaniambia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mkimya kabisa, alinisubiri nje ya kanisa akaniambia. Sote tulikuwa tunaishi umbali wa kusikiana jogoo akiwika, na kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba yuko peke yake.

Watu wengine wataniambia mambo ya uzazi ni ya siri, na kwamba wazee wetu walikuwa na sababu zao. Tuwarudie basi hao wazee. Katika miaka ya 1930 waliishi hapa Rungwe wataalamu wawili wa mila, Godfrey Wilson na mkewe Monica wa Afrika Kusini, na mwaka 1957 Monica alitoa kitabu kuhusu mila za ukoo wa Wanyakyusa. Humo kuna maelezo marefu ya uzazi wa mapacha. Mapacha waliogopwa. Wazazi wao walitengwa na watu, ikadhaniwa kwamba hatari yao inaweza kuwafikia ndugu na hata ng'ombe. Sitetei kumtenga mzazi, na nashukuru mambo hayo yamepita. Ila angalieni kilichofuata katika mila ileile: ndugu na majirani walikusanywa, dawa zikafanywa, na wale wazazi wakarudishwa kwa watu. Palikuwa na siku ya kuingia kwenye upweke na palikuwa na siku ya kutoka, na kila mtu aliijua. Mama anayefiwa na mtoto mchanga leo anaingia kwenye upweke uleule, na siku ya kutoka hakuna aliyeipanga.

Wapo waliokwishaipanga. Katika wodi za kangaroo, mahali zilipo, nimeona jambo la kunitia moyo sana. Mtoto njiti anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, wakati mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo wakianza kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza wapate nguvu, vifo vinapungua kwa robo. Kwetu Tukuyu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai mnaijua. Mtoto wa kilo moja na nusu anapoteza joto upesi kuliko mama anavyoweza kukoka moto. Kifua cha mama hakizimiki.

Sasa, mama aliyefungwa mtoto kifuani kwa wiki kadhaa hana pa kwenda. Anakaa na wenzake wanne, watano, wanazungumza. Aliyefika kwanza anamfundisha aliyefika leo: namna ya kukamua kwenye kikombe, namna ya kuangalia kama mtoto anapumua, namna ya kutokata tamaa gramu zikishuka. Siku mmoja wao akimpoteza mtoto, wale wanne wanajua jina la mtoto yule. Wanalia naye kama mtu waliyemfahamu, maana walimfahamu.

Na masimulizi ya namna hii hayaishii kwenye machozi. Kule Makwanpur, Nepal, wilaya ya milima kama yetu, akina mama walikutanishwa mara moja kwa mwezi, kiongozi wao akiwa mwanamke wa eneo lao, si daktari wala nesi. Walisimuliana jinsi watoto na akina mama walivyofariki vijijini mwao, wakauliza kilichelewa nini, wakapanga wenyewe la kufanya: mfuko wa dharura, machela ya kumbebea mgonjwa, vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na maeneo yasiyokuwa na vikundi. Majaribio saba ya aina hiyo, katika Nepal, India, Bangladesh na jirani zetu Malawi, yalijumlishwa mwaka 2013. Ikaonekana kwamba pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walihudhuria vikundi, vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa theluthi moja na vya akina mama kwa karibu nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zitumie njia hiyo. Fikirini: mama anapoeleza kwamba aliona chupa imepasuka asubuhi akasubiri hadi jioni kwa kuwa mume alikuwa safarini na hela anayo yeye, anamwokoa mtoto wa mwenzake ambaye bado hajazaliwa. Habari yake ikifichwa, kosa lilelile litarudi nyumba ya pili.

Kenya nao wana mfano wao. Wanjiru Kihusa, baada ya kupoteza mimba zake, alianzisha mwaka 2015 shirika la Still a Mum, la kuwakutanisha na kuwapa ushauri wazazi waliofiwa na watoto wachanga au kuharibikiwa na mimba. Hapa kwetu Doris Mollel, aliyezaliwa njiti, amewasemea njiti na mama zao bila kuchoka. Siku ya Mei Mosi mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba mfanyakazi aliyejifungua njiti ataongezewa likizo, ule muda uliobaki kufikia wiki 40 za mimba, na mwaka 2025 likaingia kwenye sheria za kazi. Zamani alihesabiwa siku zake 84 kama wengine, au 100 kwa mapacha, nyingine zikiishia wodini. Mabadiliko hayo yalitafutwa na watu walioyaishi mambo hayo.

Ila mama wa Kawetele anayechuma chai yake mwenyewe hana mwajiri wa kumwandikia likizo. Chai haingoji. Ukipitisha siku za kuchuma, majani yanakomaa, yanakuwa magumu, kiwandani yanakataliwa. Kwa hiyo wapo wanaorudi shambani mshono haujakauka na matiti yanauma, ili mzunguko usipotee. Nikiulizwa kikundi cha akina mama kimsaidie nini mwenzao aliyefiwa na mtoto, jibu langu la kwanza ni hili: mkamchumie. Mgawane mistari, mpime majani kwa jina lake, mkamkamulie na ng'ombe. Atalala. Na mkiwa kule shambani kwake, atatoka mwenyewe kuja kukaa nanyi, na maneno yatakuja bila kuvutwa.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Wanawake wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa habari yao itatembea. Itafika kilabuni, itafika kwa wifi, itarudi ikiwa imegeuka: alitembea nje, alikula kitu fulani, amerogwa, au yeye ndiye mchawi. Kuna nyumba zimevunjika hapa Rungwe kwa maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kusikiliza lazima kwanza kiwe na uwezo wa kunyamaza. Nyinyi wa vikoba mna faini ya kuchelewa na faini ya simu kulia. Wekeni na faini kubwa ya kutoa habari ya mwenzenu nje, tena aliyetoa asiaminiwe ufunguo wa sanduku tena. Na semeni waziwazi, mbele ya mama mwenyewe, kwamba mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kupata maambukizi, ndizo sababu kubwa zinazowaondoa watoto wachanga nchi nzima, kwa wenye ndoa njema na wenye ndoa mbaya.

Kumbukeni pia heshima ya ukwe. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo mke wa mtoto hakuruhusiwa hata kukutana na baba mkwe njiani, na mpaka leo katika nyumba nyingi mkamwana anajizuia. Msitegemee atalia sebuleni kwa wakwe zake. Mchukueni kwa sababu yoyote, kwenda kuchota maji, kwenda gulioni, apate mahali pa kupaza sauti. Nanyi mama wakwe, nyinyi mna nguvu kuliko sisi sote. Mama mkwe akimwambia mkamwana wake "hata mimi lilinipata," basi nyumba hiyo imebadilika kuanzia jioni hiyo.

Akina baba, mnanisikiliza, najua. Ninyi nanyi mlikuwa mnamsubiri. Mtu akikupa pole pale kijiweni, ipokee. Usiseme ni mambo ya wanawake.

Mambo matatu ya haraka, maana muda wangu unakwisha. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga bado ni mzazi kimwili: anatakiwa arudi kituoni kuangaliwa damu, mshono na matiti kama mwingine yeyote, na kama kuna jirani wa kumsindikiza ili asikae peke yake kwenye foleni ya wenye watoto, amsindikize. Ziwa likiwa jekundu, gumu na lenye moto, na homa juu yake, asingoje kesho. Na akipitisha siku nyingi bila kulala wala kula, au haoni sababu ya kuishi, hiyo yaweza kuwa sonona, ni ugonjwa, una tiba. Aelezwe hivyo na apelekwe.

Mkienda kumwona, nendeni kama mnavyokwenda kwa mzazi mwingine: maziwa, ndizi za mbalaga, sukari, sabuni. Mwulizeni kama mtoto alikuwa na jina, na kama angependa litajwe. Wengine watakataa, na mwaheshimu. Wiki ijayo saa hizihizi kipindi chote ni chenu. Mtapiga simu na mtasimulia, hakuna atakayeulizwa jina lake wala anapoishi. Bibi yule jirani yangu ameshakubali kuwa wa kwanza.